Eriali ya Uongo Ndani ya Mkebe

Katika Kenya wako raia wenye leseni ya kuzungumza na ulimwengu kwa redio kwa ajili ya kujifunza tu, wala si kwa biashara; vituo vyao hutambulikana kwa alama ya 5Z4. Wengi wao fedha huwaishia kwenye mtambo wenyewe, zisibaki za kununulia vyombo vya kupimia. Basi hujaribu mtambo ukiwa umefungwa kwenye eriali, na kelele zao huwasumbua wengine walio katika mawimbi yale yale. Mwingine, kwa kuwahurumia wenziwe, huing'oa eriali asiweke kitu mahali pake. Hapo nguvu hukosa pa kwenda, hurudi nyuma, na transista za mwisho, ambazo ndizo za thamani, huweza kuungua mara moja.

Dawa yake ni eriali ya uongo, yaani kitu kinachoipokea nguvu yote na kuigeuza kuwa joto. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Heathkit ya Marekani iliuza chombo cha namna hiyo kiitwacho Cantenna: mkebe wa galoni moja, na rezista iliyozama ndani ya mafuta.

Mkebe kama huo waweza kuundwa nyumbani. Mitambo mingi hutaka omu 50. Rezista 20 za omu 1,000, zikifungwa sambamba baina ya vibati viwili vya shaba, hufanya omu 50 barabara. Kila moja ikivumilia wati 2, zote zitavumilia wati 40, na zikizamishwa katika mafuta zitavumilia zaidi kwa muda mfupi. Ziwe za kaboni, kwani zile zilizozungushiwa waya ni koili hasa, nazo huyazuia mawimbi ya kasi. Kifuniko kitobolewe tundu dogo, hewa ipate kutoka mafuta yakipata moto. Mafuta yawe safi, ya madini. Yasitumike kamwe yaliyotolewa katika transfoma kuukuu za umeme, maana baadhi yake yana sumu iitwayo PCB. Na ni aibu kubwa kwamba wako waliowauzia wenzao mafuta ya transfoma kuwa ya kukaangia.

Kupima nako si kugumu. Kwenye ncha inayopokea umeme kutoka mtamboni hufungwa dayodi 1N4148, na baada yake kapasita ya mikrofaradi 0.01 iendayo kwenye bati la mkebe. Mita ya kawaida ya volti hufungwa baina ya ncha mbili za kapasita hiyo. Ongeza volti 0.6 zinazopotea katika dayodi, zidisha jumla kwa yenyewe, kisha gawanya kwa 100. Mita ikionyesha volti 19.4, jumla ni 20, nazo ni wati 4. Kwa dayodi hiyo moja mtu asipime zaidi ya wati 10, kwani inaporudishwa nyuma hubeba volti karibu mara mbili ya hizo za mita.

Mhandisi atacheka kipimo hiki. Lakini mtambo uliotoa wati 5 mwezi uliopita, nao leo watoa 3, hauwezi kumficha mwenyewe.