Saratani ya thairoidi: kwa nini wengine hawapasuliwi?

Umeambiwa una kinundu kwenye thairoidi, ile tezi ya shingoni yenye umbo la kipepeo. Tulia kwanza, maana vinundu vingi si saratani. Ultrasaundi huonyesha ukubwa na umbo lake. Kikitiliwa shaka, daktari hunyonya seli kwa sindano nyembamba zikapimwe.

Je, ikithibitika ni saratani? Mwaka 1993, Hospitali ya Kuma mjini Kobe, Japani, ilianza kuwapa wenye saratani ndogo ya aina ya papilari, isiyozidi sentimita 1 na isiyo na dalili za hatari, nafasi ya kufuatiliwa badala ya kupasuliwa. Matokeo ya wagonjwa 1,235 yalichapishwa 2014: katika miaka 10, ni takriban asilimia 8 tu ambao uvimbe wao uliongezeka kwa milimita 3 au zaidi. Hakuna aliyefariki kwa saratani hiyo.

Sasa, si bora kukata tu yaishe? Hapana, si lazima. Upasuaji unaweza kujeruhi neva ya sauti, na tezi ikitolewa yote utameza vidonge vya homoni maisha yako yote.

Ila kufuatiliwa si kupuuzia. Ni kurudi kliniki kila unapopangiwa. Uvimbe ukikua au ukisambaa, upasuaji bado upo.