Mshubiri: jani moja, maji mawili

Aliyekulia Korogwe hahitaji kuelezwa mshubiri ukoje. Huko Manundu uko kwenye makopo ya rangi barazani, uko nyuma ya nyumba karibu na bomba, na madukani uko ndani ya chupa kwa jina la alovera. Kinachoniudhi ni ile tabia ya kulisaga jani zima pamoja na ganda lake, kulinywa, kisha kujisifu kwamba tumbo limesafishwa. Tumbo limewashwa tu, likaanza kukimbia.

Kata jani bichi karibu na shina, lisimamishe ndani ya bakuli, kisha ungoje. Utatoka utomvu wa manjano, na ukiutazama vizuri utaona hautoki katikati bali pembeni, chini kidogo ya ganda. Unakaa kwenye seli zilizofuatana na mishipa ya jani, nao ndio wenye uchungu uliotajwa katika misemo yetu yote. Kwa mmea wenyewe ni ulinzi dhidi ya wanaotaka kuutafuna. Ukishamenya ganda unakuta maji mengine kabisa: ute mweupe wa kung'aa, usio mchungu, ambao zaidi ya asilimia 98 ni maji. Hiyo ni akiba ya kiangazi.

Akiba hiyo inavyolindwa ndiyo iliyonifanya niupende mmea huu. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa ya kabonidayoksaidi, na papo hapo hupoteza maji kwa joto la jua. Mshubiri hungoja usiku. Giza likiingia hufungua vitundu, huvuta hewa na kuihifadhi ndani ya jani ikiwa asidi. Jua likichomoza hufunga, kisha kutwa nzima huitoa asidi ile kidogo kidogo na kuitengenezea sukari. Kwa hiyo jani la alfajiri lina ukali zaidi kuliko jani lilelile jioni. Katika nchi kama Handeni, ambako mvua huweza kumpita mkulima akiwa ameshapanda, mmea unaojua kufanya hivi unastahili heshima.

Turudi kwenye ule utomvu. Ndani yake mna kemikali iitwayo aloini, iliyofungamana na sukari. Kwa sababu ya kifungo hicho hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kufanya lolote. Ikifika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo huikata ile sukari, na kinachobaki huuchokoza utumbo, ukaanza kusukuma na kumwaga maji. Ndiyo maana anayekunywa usiku huenda chooni asubuhi. Anayerudia kila siku hupoteza pia potasiamu ambayo moyo na misuli vinaihitaji. Mjamzito asiuguse. Mwaka 2002 Marekani iliuondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, na taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka dondoo ya jani zima katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Anayetaka ute basi aache utomvu udondoke wote, amenye, aoshe kwa maji safi.

Wafanyabiashara wa zamani waliutaka utomvu huohuo. Kisiwani Sokotra majani yalipangwa kuzunguka shimo lililotandikwa ngozi, utomvu ukachuruzika, ukakaushwa hadi ukawa bonge gumu la kahawia. Bonge hilo lilisafiri kwa majahazi, na madaktari wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na aina waliyoiita shubiri ya Zanzibar.

Mshubiri wa kwenye makopo yetu asili yake ni Uarabuni. Lakini Handeni ina wake. Kuna mshubiri mdogo unaoota kwenye miamba, ambao jua kali huyageuza majani yake kuwa mekundu kama kaa la moto. Mtaalamu wa mimea Alwin Berger aliuandika mwaka 1908 kwa jina la Aloe dorotheae. Leo wapenzi wa bustani Marekani na Ulaya wanauotesha madirishani, ilhali porini uko hatarini kutoweka kabisa. Mkataba wa kimataifa wa CITES unasimamia biashara ya mishubiri yote isipokuwa ule wa kwenye chupa, lakini mkataba hauzimi moto unaopandishwa mlimani wakati wa kiangazi. Ningependa kila shule ya Handeni na Korogwe iwe na kitalu cha mishubiri ya kwao. Machipukizi yake ni rahisi kuotesha, na hayahitaji hata kumwagiliwa sana.

Na tafadhali, mkonge si mshubiri. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, asili yake ni Meksiko. Huchanua mara moja ukafa, na maji yake huwasha ngozi. Mshubiri huchanua tena na tena, na ndege chozi huufuata kwa nekta yake.

Matumizi ya mshubiri nyumbani ni haya. Ute kwa jeraha dogo la kuungua na sufuria, baada ya kulipoza kwa maji yanayotiririka. Ute kwa ngozi iliyokauka, kwa nywele, kwa ngozi iliyoungua jua. Utomvu kidogo kwenye chuchu kumwachisha mtoto ziwa. Majani yaliyopondwa kwenye maji ya kuku unapoingia mdondo: wafugaji wengi hufanya hivyo, lakini kinga ya uhakika ni chanjo, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu au minne.