Pambo la Jicho na Amana ya Kuona

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora akamtunuku macho mawili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mzee wa mtaa wetu alinifuata kwenye baraza ya msikiti, ameinamisha uso. Bintiye aliolewa mwaka jana. Usiku wa kupambwa alivaa lenzi za macho za rangi ya asali, alizoazimwa na shoga yake, na kwa uchovu wa shughuli akalala nazo. Asubuhi jicho la kulia lilikuwa jekundu, linachuruzika machozi, wala halistahimili mwangaza. Watu wa nyumbani wakadhani ni wanja umemwingia, wakamtilia marashi mawaridi. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa kwa daktari, na kidonda kilikwisha kujichimba. Leo jicho limepoa, lakini limebaki na kovu jeupe, na akitazama nalo ni kama atazamaye ng'ambo ya ukungu.

“Maalim,” akaniuliza, “mwanangu alifanya haramu? Hii ni adhabu?”

Nilimwambia asimtwike binti yake mzigo huo. Mke kujipamba kwa ajili ya mumewe ni jambo lenye kusifiwa. Kilichokosekana ni elimu ya kulitumia pambo lenyewe. Akaniomba niyaandike haya ili nyumba nyingine isifikwe na yaliyoifika nyumba yake.

Tuanze na hukumu. Wengi katika wanavyuoni wa zama hizi waliolizungumza suala hili wameona kuwa asili yake ni ruhusa, kwa kuwa lenzi huvaliwa na kuvuliwa kama mapambo mengine. Wapo walioona karaha, na wapo waliokataza. Walioruhusu wameweka masharti: isiwe na madhara, isiwe israfu, isiwe ya kujidhihirisha kwa wasio maharimu, wala isiwe ya kumhadaa mtu. Kwa hiyo binti anayetazamwa na mposaji na aonekane kwa macho yake mwenyewe. Katika masharti hayo, lile la madhara ndilo tunalolipuuza zaidi, na ndilo nitakalolieleza.

Kioo cha mbele cha jicho, ambacho madaktari hukiita konea, hakina mishipa ya damu. Hupata hewa yake moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Lenzi ikikifunika, hewa hupungua. Mtu akilala nayo, kope nazo zikafunga, hupungua zaidi. Ngozi ya juu ya konea hudhoofika, na bakteria hupata mlango. Ziko aina za bakteria ambazo huweza kuila konea kwa siku moja au mbili tu. Hapo tofauti ya kupona na kupofuka ni saa, si wiki.

Lenzi ya rangi, hata isiyo na nguvu ya kusaidia kuona, ni kifaa cha tiba. Marekani ililiweka jambo hili katika sheria tangu mwaka 2005: hapana lenzi ya kuuzwa bila cheti cha mtaalamu wa macho. Sababu yake ni kwamba mviringo wa macho hutofautiana. Lenzi inayombana mtu au kumteleza humkwaruza. Basi ukitaka kuvaa, mwendee kwanza mtaalamu akupime, wala usinunue kwenye meza ya vipodozi kwa kuvutiwa na rangi. Na wala usiazime. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri; lenzi ya kuazima huhamisha maradhi kutoka jicho hadi jicho.

Sasa nije kwenye maji, maana hili linatuhusu sisi Waislamu mara tano kwa siku. Katika maji ya kisima, ya mfereji na ya bahari huweza kuishi kijidudu cha jamii ya amiba, ambacho hujificha nyuma ya lenzi na kuila konea. Maradhi yake yana maumivu makali na matibabu yake huchukua miezi. Kwa hiyo lenzi haioshwi kwa maji ya aina yoyote, wala kwa mate. Husafishwa kwa dawa yake tu.

Je, udhu husihi mtu akiwa na lenzi? Ndiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, kuosha ndani ya jicho si wajibu katika udhu wala katika josho. Kope na pembe za macho ndizo zioshwazo, kwani hizo ni katika uso. Lililo bora ni kutawadha kwanza, kisha kuosha mikono kwa sabuni, kuikausha vizuri, ndipo uvae. Udhu ukitenguka, fumba macho barabara na upitishe maji usoni kwa kiganja taratibu, bila ya kujirushia. Kabla ya josho, au kuingia baharini, zivue.

Yaliyobaki ni mepesi. Vaa lenzi kabla ya wanja na poda, na uzivue kabla ya kuosha uso. Usilale nazo hata usingizi wa mchana. Za siku moja zitupwe siku hiyo hiyo. Za mwezi zisuguliwe kwa dawa kila zivuliwapo, na dawa ya jana imwagwe, isiongezewe mpya juu yake. Kijaluba cha kuzihifadhia kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Na usiendeshe gari nazo usiku, kwani mboni hupanuka gizani na ile rangi huweza kuziba sehemu ya uoni.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likiona ukungu au likikimbia mwangaza, vua lenzi mara moja na uende kwa daktari siku hiyo hiyo, na lenzi uichukue ndani ya kijaluba chake. Usitie marashi, wala asali, wala dawa iliyobaki ya jirani.

Nawausia mama na masomo wa maharusi: mnapomfunda mwari, mfundeni na haya. Na bwana harusi naye amwambie mkewe kwamba macho aliyoumbwa nayo yanampendeza. Huenda neno hilo likamtosha.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu, na amponye binti wa mzee wetu. Wabillahi taufiki.