Mugariga, kirusi na kikombe: maabara ilisema nini?

Haipiti wiki kliniki bila mgonjwa kuniuliza: "Daktari, kama mizizi hii ilipimwa ikaua virusi, kwa nini hamtupi?" Swali zuri, na linastahili jibu refu kuliko "usinywe".

Chukua mugariga, kichaka cha miiba ambacho Wakikuyu hukiita mukawa. Mwaka 2006, miaka mitano kabla ya foleni za magari kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa Sh500, watafiti wa KEMRI nchini Kenya walichapisha matokeo ya kupima mizizi yake dhidi ya kirusi cha herpes, kile kinacholeta malengelenge mdomoni na sehemu za siri.

Wanapimaje? Seli zilizotokana na figo ya tumbili hukuzwa kwenye vibakuli, huambukizwa kirusi, kisha huwekewa maji ya mizizi. Kirusi kikishinda, seli hufa na kuacha matundu yanayohesabika. Kwa mugariga, matundu hayakutokea. Lakini kuna kipimo kingine ambacho magazeti (hili letu likiwamo) hukisahau: seli zenyewe zilibaki hai? Maana hata jiki huua kirusi, na hakuna anayeinywa. Mugariga ulivuka hapo pia. Kiasi kilichodhuru seli kilikuwa karibu mara 10 ya kile kilichozuia kirusi. Panya walioambukizwa na kupewa dawa hiyo walichelewa kuugua na wakaishi muda mrefu zaidi.

Kazi ile ni nzuri, na wazee wetu hawakuwa wajinga. Ila ilihusu herpes, si VVU, tena kwa panya. Ukichemsha mizizi jikoni hujui dozi yako, sembuse ya mtoto wa kilo 10.

Halafu kuna suala la dawa kugongana. Utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha vidonge vya kitunguu saumu vikishusha kiwango cha saquinavir, dawa ya VVU, katika damu kwa takriban nusu. Vidonge, nasema, si kitunguu cha kwenye mchuzi.

Kwa hiyo unayetumia ARV, usiziache. Ukinywa na mitishamba, njoo na chupa yenyewe, uniambie unakunywa mara ngapi kwa siku; sitakugombeza. Na mzazi, mtoto mwenye surua anayepumua kwa shida au anayeshindwa kunyonya aletwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama bibi ameshabandika mwarobaini jikoni.