Mbwamwitu Ndani Yetu

Leo nimeishika kalamu kukueleza habari za vijana wanaogeuka mbwamwitu. Usicheke! Ukifika mwisho wa makala haya, huenda ukagundua kwamba nawe umewahi kuota manyoya.

Nilipokuwa kidato cha pili, Chama cha Kiswahili kilialikwa kwenye kongamano katika shule jirani ya wasichana. Mimi ndimi niliyeteuliwa kukariri shairi. Ubeti wa kwanza ulikwenda shwari. Ubeti wa pili, lo! Sauti ilinitoroka. Ilianguka kama gunia la mahindi, kisha ikapaa kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa sahibu yangu, tuliyekuwa kama chanda na pete. Tuliporudi bwenini akanibandika jina, eti "Jogoo". Nilimsukuma, akajigonga kwenye ukingo wa kitanda, akapasuka mdomo. Mwalimu wa zamu alituadhibu sote. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Jumamosi moja muhula uliofuata, baada ya chajio, tulionyeshwa filamu bwaloni. Ilikuwa ya Kimarekani, ya mwaka 1985, iitwayo Teen Wolf. Mhusika wake mkuu ni Scott Howard, anayeigizwa na Michael J. Fox. Scott ni mwanafunzi wa kawaida tu anayecheza mpira wa vikapu. Ghafla nywele zinamwota asikotarajia na mwili unakataa kumtii. Usiku mmoja anajifungia bafuni akiwa amegeuka mbwamwitu mzima. Baba yake anabisha hodi. Scott anakataa katakata kufungua. Hatimaye anafungua, na kumbe! Baba naye ni mbwamwitu. Yamo katika ukoo, ila mzee alinyamaza akitumaini kwamba yatampita mwanawe.

Bwalo zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilijiuliza: kwa nini hakumwambia mapema?

Hapa kwetu hadithi za namna hii si ngeni. Nani hajasikia ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote, mwishowe akaolewa na zimwi lililojigeuza kijana mtanashati? Lakini sisi husimuliwa kwa upande wa msichana, ili ajihadhari. Filamu hizi zinasimulia kwa upande wa zimwi lenyewe. Zinatuuliza: je, zimwi nalo linaogopa?

Baadaye nilisoma zaidi nikapata kwamba vijana hawa ni wengi. Mwaka 1957 ilitoka filamu I Was a Teenage Werewolf. Kijana Tony, aliyeigizwa na Michael Landon, ana hasira za karibu. Anapelekwa kwa daktari atulizwe, lakini daktari huyo anamfanyia majaribio yake na kumgeuza mnyama. Tony anauawa kwa risasi za polisi. Mwaka 2000 Kanada ilitoa Ginger Snaps, ambamo msichana anaumwa na mnyama usiku ule ule anaovunja ungo. Anapokwenda na dadake kwa muuguzi wa shule, wanaambiwa kila kitu ni cha kawaida. Kuanzia 2011 hadi 2017 kulikuwa na kipindi cha televisheni chenye jina lile lile la Teen Wolf. Scott wa humo anampenda Allison, binti wa ukoo unaowinda mbwamwitu. Hata hivyo, ana rafiki aitwaye Stiles anayejua siri yake tangu mwanzo na habanduki.

Hebu zilinganishe. Tony aliwekwa mikononi mwa mtu mzima asiyemjali, akaangamia. Scott wote wawili walikuwa na mtu wa kuwaambia, wakapona. Manyoya ni yale yale.

Sasa kwa nini watunzi walimchagua mbwamwitu? Jibu limo katika somo la biolojia. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Ubongo huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha ovari au korodani, ambazo hutoa homoni kama estrojeni na testosteroni. Nywele huota. Tezi za ngozi hutoa mafuta mengi, chunusi zikaja. Kwa wavulana zoloto hupanuka na nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, ndiyo maana sauti hukwaruza mpaka izoee. Hasira nazo huwa karibu. Hakuna anayeulizwa kama yuko tayari. Si ndiyo kugeuka mbwamwitu huko?

Na mapenzi je? Scott wa 1985 anapogeuka, shule yote inamshangilia. Pamela, mrembo aliyekuwa hamtazami, sasa anamtaka. Lakini Boof, rafiki yake tangu utotoni, anampenda yeye, si manyoya. Katika mchezo wa mwisho Scott anacheza bila kugeuka, wanashinda, na anamwendea Boof. Jamani, anayekupenda kwa sababu ya ndevu zako mpya au umbo lako jipya hajakujua bado.

Usiku ule baada ya filamu, sahibu yangu alikuja kitandani kwangu.

"Aisee, si tuyaache haya maneno?" akasema. "Unajua nilicheka kwa nini? Ni wivu. Wewe angalau sauti imeanza. Mimi naongea kama mtoto wa chekechea. Kwani hujaona mimi huoga saa kumi usiku? Sitaki mtu aone kwamba sijaota hata unywele mmoja."

Nilikosa la kusema. Nilidhani mimi ndimi zimwi la bweni, kumbe yeye alilala akiomba awe kama mimi. Nilimwomba msamaha kwa ule mdomo. Likizoni nilijipa moyo nikamuuliza baba. Alicheka, kisha akaniambia kwamba sauti yake ilipovunjika aliacha kwaya mwaka mzima kwa aibu. Miaka yote hiyo hakuwa amenieleza!

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wazazi na walimu wetu wapendwa, msingoje tujifungie bafuni ndipo mbishe hodi. Nanyi wadogo zetu, sauti ya mwenzenu ikimtoroka mkiwa kwenye kongamano, tafadhali msicheke. Mwacheni amalize ubeti wake.