Mbogi Ishavunjika, Albamu Ndio Inatoka

Tajia msee wa rock 1991 na atakupea Nirvana bila kufikiria. Sawa, Nevermind ilikuwa moto, sina noma nayo. Lakini miezi ka sita kabla yake, Machi 27, kuna albamu ingine iliingia sokoni na hakuna mtu aligeuza shingo. Inaitwa Spiderland, ya rende inaitwa Slint. Ilikuwa yao ya pili, vile tu Nevermind ilikuwa ya pili ya Nirvana. Shida ni moja: siku ilitoka, Slint walikuwa washaachana.

Hawa walikuwa machali wanne wa Louisville, Kentucky, umri wa miaka 20 hivi. Brian McMahan gita na sauti, David Pajo gita, Todd Brashear besi, Britt Walford dramu. Slint lilikuwa jina la samaki wa Walford, so usitafute maana deep hapo. Albamu yao ya kwanza, Tweez, ilitoka 1989, na nyimbo zake walizipea majina ya mabuda na mamathe wao. Moja ikaendea umbwa. Kusema ukweli, Tweez ni kelele na utani wa vijana, Steve Albini akiwa kwa mitambo. Msee wa besi wa hiyo time, Ethan Buckler, hakubambwa na venye ilitokea, akajitoa. Hapo ndio Brashear akaingia.

Ya pili walikuja na akili ingine kabisa. Walijifungia besimenti kwa kina Walford wakaanza kuchonga nyimbo polepole, wanarudia kipande kimoja hadi kinakaa kwa mikono. Cheki Breadcrumb Trail: gita inahesabu saba, si nne zenye mguu wako umezoea. Nosferatu Man inaenda tano. Ukijaribu kutikisa kichwa unaachwa nyuma, halafu unagundua wao wanne hawajaachana hata nukta moja. Hiyo huwezi kuokota studio, manze. Hiyo ni ya wasee wamekaa pamoja hadi wanajua mwenzao atapumua saa ngapi.

Ju studio yenyewe hawakukaa. Agosti 1990 waliingia River North Recorders, Chicago, Brian Paulson akiwa kwa mitambo, na siku nne zilitosha. Nyimbo sita, dakika ka 39. Maneno mengi yalikuwa hayajaisha, so McMahan na Walford wakayamalizia hapo hapo. Labda ndio maana hawaimbi sana. Wanaongea, tena chini chini, ka msee anakupigia stori na hataki wenye nyumba waamke.

Yenye inanimalizanga mimi ni Don, Aman. Haina dramu, ni gita mbili na sauti ya Walford. Kuna chali ako kwa bash, watu wamejaa, na yeye anajiskia ako mbali nao wote. Anatoka nje kidogo, anarudi ndani, hakuna mtu amenotisi. Hakuna kitu kubwa inafanyika, na bado gita zikipanda hapo katikati unashika kiti. Ushawahi kuwa huyo chali? Mimi huwa huyo chali karibu kila wikendi.

Halafu kuna ya mwisho, Good Morning, Captain. Meli imevunjika, kapteni amebaki, mtoi ako mlangoni. McMahan anaisimulia kwa upole dakika nyingi, kisha mwisho anapiga nduru hadi baada ya kurekodi akaugua. Muda si mrefu akatoka kwa bendi, na ikaishia hapo.

So lebo ya Touch and Go wakatoa albamu ya bendi yenye haipo. Hakuna shoo, hakuna video ya kuisukuma. Kulikuwa na picha tu ya vichwa vinne vimetokeza kwa maji ya timbo huko Utica, Indiana, imepigwa na beshte yao Will Oldham, na nyuma ya jalada anwani ya kuandikiwa na mamanzi wenye wangetaka kuwaimbia. Albini aliandika kwa jarida la Melody Maker akaipea nyota kumi. Mengine yalifanywa na mabeshte kupeana kanda. 1995 Good Morning, Captain ikaingia kwa filamu ya Kids, na baadaye bendi ka Mogwai zikachukua somo: anza kimya, ngoja, ngoja tena, kisha lipua. Slint wenyewe walirudi jukwaani 2005, na 2014 Lance Bangs akatoa filamu kuwahusu.

CD ya Spiderland iliandikwa kwamba hii kazi ni ya kuskizwa kwa santuri. Mi sina santuri, niko na simu na bando, na inanishika tu. Ila usipelekee dere wa mat. Nusu ya abiria watadhani spika zimekufa, hadi hizo nduru za mwisho ziwapate wakitafuta chenji.