Fahamu: Kwa nini mwanafunzi wa udaktari ajifunze utafiti mapema

Kwa nini utafiti umepanda thamani?
Tangu Januari 2022, hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, USMLE, haitoi tena alama. Ni kufaulu au kufeli. Waombaji wa ubingwa sasa hupambanuliwa zaidi kwa mambo mengine, utafiti ukiwamo.

Na Dar es Salaam?
Katika chuo kikuu cha Muhimbili, shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali. Ubingwa husomwa kama uzamili, na bila tasnifu mtu hahitimu. Aliyewahi kukusanya data haanzii sifuri.

Aanzie wapi?
Swali dogo linatosha. Kutoka chuoni Upanga hadi Kariakoo si mbali: je, wabeba mizigo wa Mtaa wa Kongo wanaumwa mgongo kiasi gani? Kwanza atafute msimamizi, kisha kibali cha kamati ya maadili, ndipo ashike dodoso. Mhojiwa akisema, "Niache mwanangu, nina mzigo," aachwe, ridhaa hailazimishwi.

Achunge nini?
Kuchomekwa jina kwenye makala usiyoifanyia kazi ni udanganyifu, na swali moja la usaili hutosha kukuumbua.